Unga wa Manjano na Saratani ya Mlango wa Kizazi: Pima Dai Kabla ya Kununua

Mtumiaji wa Mpanda anaweza kuuziwa unga wa manjano kwa maelezo kwamba wataalamu wamethibitisha kuwa unaua seli za saratani ya mlango wa kizazi. Dai hilo lina chembe ya ukweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Ukweli wenyewe ni upi?

Seli ya mwili ina utaratibu wa kujiua inapoharibika. Virusi vya HPV, chanzo cha karibu visa vyote vya saratani hii, hutengeneza protini inayovunja mlinzi wa utaratibu huo. Seli mbovu hubaki hai na kuongezeka. Watafiti wameona kuwa kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, huweza kuziua seli hizo maabara. Mara nyingi hutumia seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa Mmarekani Henrietta Lacks mwaka 1951.

Hata hivyo, chombo cha maabara si mwili. Kule kurkumini humwagwa juu ya seli moja kwa moja. Ikinywewa, ni kidogo mno inayoingia katika damu. Hatusemi kwamba mimea haitoi dawa. Paklitakseli, inayotumika kutibu saratani hii, asili yake ni gome la mti. Lakini ilichujwa, ikapimwa na kujaribiwa kwa wagonjwa kwanza.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Je, bidhaa imesajiliwa, na namba ya usajili ipo kwenye lebo?
2. Je, ilijaribiwa kwa wagonjwa au kwa seli za maabara tu?
3. Je, unanishauri niache matibabu ya hospitali? Akijibu ndiyo, usinunue.

Hasara kubwa si fedha, ni muda. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema hutibika. Ukichelewa, mgonjwa wa Katavi huenda akalazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa amedhoofika.

Mwanamke anayetokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi awahi kituo cha afya. Asiye na dalili naye aulizie uchunguzi. Mabinti wapatiwe chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Ikiwa tayari unatumia dawa ya mimea, usimfiche daktari: baadhi yake huingiliana na dawa za hospitali.