SOMO LA WAZAZI: KUMSAIDIA MTOTO MWENYE ULEMAVU KUSHIKA KRAYONI

Somo letu katika toleo hili linahusu mkono. Wako wazazi kati yetu ambao mtoto wao amefika umri wa shule, wakaambiwa, "Huyu hawezi kushika hata penseli, kaeni naye nyumbani." Kabla ya kukubali neno hilo, tusome pamoja.

Watoto hawa si wachache. Ukisafiri kutoka Jinja kwenda Mbale unapita Iganga. Huko, katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walipima watoto zaidi ya 31,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Wengine walizaliwa nao, wengine waliupata baadaye kwa ugonjwa kama malaria kali iliyopanda kichwani. Na Mbale kwenyewe iko hospitali ya watoto ya CURE, inayofanya kazi tangu 2001. Wazazi hupeleka huko watoto waliojaa maji kichwani au waliozaliwa na mgongo wazi. Upasuaji unaokoa maisha, lakini haumfundishi mtoto kushika. Kazi hiyo inabaki nyumbani, kwa miezi mingi.

Kwanza tujue mkono unavyokua. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukamata krayoni kwa ngumi nzima, kama mtu anayetwanga. Kati ya miaka 2 na 3 anaigeuza, vidole vyote vikielekea chini kwenye karatasi. Karibu miaka 4 anaanza kutumia vidole vitatu, yaani gumba, cha shahada na cha kati. Kufikia 5 au 6, vidole hivyo vinacheza vyenyewe na mkono umetulia. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hupita njia hiyohiyo, ila polepole. Basi usihesabu miaka yake, angalia amefika hatua gani. Kama ana miaka 7 na bado anashika kwa ngumi, hatua inayofuata ni ile ya mtoto wa miaka 2. Ukimkunja vidole kwa nguvu ili ashike kama kaka yake, atachukia karatasi, na wewe utachoka bure.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: kushika huanzia makalioni. Mtoto anayeyumba anapokaa hutumia mikono yake kujizuia asianguke, na mkono uliojishikilia hauwezi kuchora. Mkalishe miguu ikanyage chini. Kama inaning'inia, weka tofali. Meza iwe usawa wa viwiko. Akiinama upande mmoja, kunja blanketi umwekee ubavuni. Yule anayejinyoosha kwenda nyuma, mwili mgumu kama ubao, mkalishe nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, mgongo uegemee. Fundi seremala yeyote anaweza kukata meza yenye pengo la nusu mwezi upande wa tumbo, ili viwiko vyote viwili vipate pa kulala. Mimi naona meza hiyo ina faida kuliko boksi zima la krayoni mpya.

Kuhusu krayoni yenyewe, ivunje. Kipande cha sentimita 3 hivi hakina nafasi ya ngumi, kwa hiyo vidole vinalazimika kufanya kazi vyenyewe. Hii ni kwa mtoto ambaye vidole vyake vina nguvu kiasi. Yule ambaye vidole ni vigumu au dhaifu, usimpe kipande kidogo. Inenepeshe krayoni badala yake: ichomeke ndani ya gunzi la mahindi, au itoboze kwenye kipande cha kandambili kuukuu, au izungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka imjae kiganjani. Halafu bandika karatasi mlangoni, usawa wa macho yake. Anapochora kwenye kitu kilichosimama, kiwiko cha mkono cha chini, pale unapofungia saa, kinainuka chenyewe, na vidole hushika vizuri zaidi.

Wako watoto wenye ngumi iliyofungwa na gumba likiwa ndani. Usivute ncha za vidole, maana hapo ngumi hukaza zaidi. Kunja mkono wake taratibu kuelekea chini pale pa saa, papasa nyuma ya kiganja kuanzia upande wa kidole cha mwisho, na ngoja. Ukitaka kutoa gumba, lishike kwenye shina lake. Likifunguka ndipo uweke krayoni.

Mazoezi yaliyo bora yako jikoni. Kubandua karanga, kupukuchua mahindi, kukanda unga wa chapati, kukamua kitambaa, kubana vibanio kwenye kamba ya nguo. Upande wa Jinja kuna dagaa wa kuchagua, na Mbale ni nchi ya kahawa ya Bugisu: kuondoa punje mbovu moja moja ni kazi ya gumba na kidole cha shahada, ndiyo kazi ileile ya krayoni. Mpe mtoto sehemu yake katika kazi ya nyumba. Ila kaa karibu, asije akaweka punje mdomoni au puani.

Neno kwa mababu na mabibi: mtoto ambaye upande wa kulia umepooza akitumia kushoto, mwacheni. Hana utovu wa adabu. Mkono wa kulia ufundishwe kushikilia karatasi isiteleze. Na kama mtoto hajatimiza mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu, mpelekeni akapimwe.

Mtoto aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani akipoteza ghafla uwezo aliokuwa nao, akatapika, akalalamika kichwa au akalala kupita kawaida, acheni krayoni mwende hospitali siku hiyohiyo. Kwa mengine, mkifika hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale ulizeni mtaalamu wa tiba-kazi.

Kuhusu shule, elimu ya msingi ya bure ilipoanza Uganda mwaka 1997 kwa watoto wanne kila familia, mtoto mlemavu alitakiwa kupewa nafasi ya kwanza. Kushika krayoni hakukuwa sharti. Mtoto anaweza kujifunza herufi kwa kuzionyesha kwa kidole, au kwa macho, huku mkono ukiendelea kufundishwa. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, akiwa ameshiba na hajachoka. Krayoni zikiisha, mkaa na ukuta wa nyuma vinatosha.