Safari ya Desemba: Nani Atabaki na Paka?

Desemba ikifika, magari ya kutoka Nairobi na Mombasa hujaa watu wanaorudi Kitui na Makueni, nayo yanayokwenda upande wa pili hujaa vilevile. Wapo wanaoteremka pwani kuwaona jamaa. Wapo wapangaji wa Wote, Mwingi na Kitui mjini wanaofunga chumba na kurudi kwao mashambani hadi shule zikaribie kufunguliwa. Ng'ombe na mbuzi huachiwa mchungaji. Kuku huachiwa jirani. Paka mara nyingi huachwa tu, kwa imani kwamba atajitafutia.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haiishi. Paka wa boma anajua kuwinda, na ghala la mahindi au la ndengu humpa kazi mwaka mzima. Lakini Desemba ni mwezi mbaya wa kumwachia panya pekee. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi Ukambani, na wakati huo mazao bado yako shambani huku ghala nyingi zikiwa karibu tupu. Panya nao huwa wamefuata chakula nje. Paka wa ploti mjini hana hata hilo ghala. Baada ya siku mbili tatu anaanza kuingia jikoni kwa watu, kisha anafika jalalani, na jalalani kuna mbwa.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la mwenye paka peke yake. Kichaa cha mbwa kimejulikana nchini Kenya tangu 1912, kilipothibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi. Karibu wagonjwa wote wa binadamu hukipata kutoka kwa mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye ugonjwa huo naye huambukizwa, na akimuuma mtu humpa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mpango wa taifa wa kumaliza vifo hivyo ulizinduliwa 2014 na unalenga 2030. Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti tano za kuanzia, pamoja na Machakos, Kisumu na Siaya. Hata hivyo, siku ya chanjo mbwa huletwa wakiwa wamefungwa minyororo na watoto wa boma, na paka hubaki jikoni amelala. Paka naye anahitaji sindano hiyo. Hupewa ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kwa muda atakaoelekeza daktari wa mifugo. Kinga ya sindano ya kwanza huchukua majuma kadhaa kukomaa, kwa hivyo anayesafiri katikati ya Desemba afadhali amchanje paka wake mwanzoni mwa Novemba. Kumchanja asubuhi ya safari ni kuchelewa.

Sheria nayo inamgusa anayeacha mnyama bila mpango. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama wako chakula na maji kuwa ni ukatili. Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Hiyo ndiyo sababu swali la paka linaweza kupelekwa kwa afisa wa mifugo wa wadi au kaunti ndogo bila aibu, kama vile swali la ng'ombe.

Nyumba za kulaza paka kwa malipo zinapatikana zaidi Nairobi. Kwa mkazi wa Kathonzweni au Mutomo jibu liko karibu zaidi, nalo ni jirani. Tena ni jibu zuri kuliko la kulipia, kwa sababu paka hushikamana na mahali kuliko anavyoshikamana na mtu. Akibaki kwenye boma lake na mtu akaja kumlisha asubuhi na jioni, hatasumbuka sana. Akihamishwa, jambo la kwanza atakalotaka ni kurudi, na wengi hupotea au kugongwa na magari njiani. Ikibidi ahamie kwa jirani, asafirishwe ndani ya kikapu chenye kifuniko au katoni ngumu iliyotobolewa matundu ya hewa. Gunia lililofungwa mdomo halifai, maana joto la Kibwezi au Kyuso litamzidi kabla ya kufika. Huko aendako afungiwe chumbani kwa muda wote wa safari ikiwa ni ya wiki moja au mbili, na apewe kitambaa alichozoea kulalia.

Mtu wa kuachiwa awe mtu mzima. Mtoto anaweza kusaidia, na wengi hupenda kazi hiyo, lakini mtoto husahau siku ya sikukuu, na akikwaruzwa anaweza kuficha akiogopa kugombezwa. Ukambani wamezoea mwethya, kusaidiana kazi kwa zamu, na hili halina tofauti: anayelisha paka Desemba atalishiwa kuku wake Pasaka. Muhimu ni kusemezana mapema. Siku tatu nne kabla ya safari jirani aje kulisha mara moja au mbili mwenyewe akiwa bado yupo, ili paka ajue sauti na harufu yake.

Chakula ndicho kinacholeta makosa mengi. Paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Mwili wake unahitaji nyama au samaki, na omena kidogo iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu ikachanganywa na ugali inatosha kwa nyumba nyingi. Maziwa si lazima. Paka wengi wakubwa huharisha wakinywa ya ng'ombe. Kumwachia sufuria iliyojaa chakula cha wiki nzima hakusaidii chochote, kwani kesho yake ni siafu na harufu. Maji yawekwe kwenye vyombo viwili, mahali pawili tofauti penye kivuli, na yabadilishwe kila siku. Paka asiyegusa chakula kwa siku mbili, hasa aliye mnene, apelekwe kwa daktari, kwa kuwa ini lake huharibika haraka asipokula.

Kuna desturi moja inayostahili kuachwa kabisa, ya unga au mahindi yaliyoota ukungu kutengwa na chakula cha watu na kupewa mbwa na paka. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani aflatoksini, iliwapata watu 317 katika eneo hili, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Sumu hiyo hushambulia ini la mnyama kama inavyoshambulia la mtu. Unga usiofaa kwa mwenye nyumba usiachwe katika ndoo ambayo jirani ataifungua akidhani ndicho chakula cha paka.

Sumu ya panya nayo iondolewe kabla ya safari, maana paka hufa kwa kula panya aliyeila. Jirani aambiwe pia, tena waziwazi, asimpe paka mgonjwa dawa za watu. Panado nusu kidonge yaweza kumuua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya viroboto vya mbwa zisipakwe paka mpaka daktari aseme zinamfaa.

Kama paka anajisaidia ndani, kwenye karai la mchanga au majivu, mchanga huo usafishwe kila siku kwa mikono iliyovaa glavu, kisha mikono ioshwe. Mama mjamzito asipewe kazi hiyo. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyodhuru mimba, navyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo sababu kusafisha mapema kunafaa.

Karatasi moja ibandikwe nyuma ya mlango. Iwe na rangi na umri wa paka, tarehe ya chanjo, kiasi cha chakula, nambari ya simu ya mwenyewe na ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Pesa kidogo za dharura zitumwe mapema kwa simu. Jirani asiyeachiwa pesa atasubiri mwenyewe arudi, na paka hatasubiri.

Jirani ajue pia la kufanya akiumwa au kukwaruzwa, hata na paka aliyemzoea. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka majani, mafuta ya taa wala pilipili. Aende hospitali siku hiyohiyo, na akianzishiwa sindano arudi kwa kila tarehe aliyoandikiwa. Paka asiuawe. Afungiwe mahali salama na afisa wa mifugo aitwe, maana mnyama huyo huchunguzwa kwa siku 10, na akiwa mzima hadi mwisho habari hiyo humsaidia daktari wa hospitali. Akifa ndani ya siku hizo, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu wala kutupwa kichakani kabla afisa hajaambiwa. Paka mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayetoka mate, anayelia kwa sauti isiyo yake au kuburuta miguu, asikaribiwe na mtu yeyote.

Mwenyewe akirudi, paka anaweza kumnunia siku moja au mbili. Hilo ni la kawaida. La kutazama ni jeraha kichwani, shingoni na miguuni, na kumuuliza jirani kama aliona ugomvi na mbwa. Jeraha lisilojulikana lilikotoka lipelekwe kwa afisa wa mifugo hata kama limeanza kukauka na hata kama paka amechanjwa, maana huenda akahitaji sindano nyingine. Na kwa paka jike ambaye hajafungwa uzazi, mimba huchukua takribani wiki tisa. Aliyezurura Krismasi atazaa mwishoni mwa Februari, na mwenye kutaka kumfungisha amwone daktari wa mifugo kabla ya safari.