Mdogo wangu, namba ikitoka karatasi zako ziko wapi?

Wadogo zangu mlioko New York, njooni tukae. Barua zenu za mwezi huu zimejaa kilio cha kodi. Mnalipia chumba kimoja Bronx kwa hela ambayo ukiitaja nyumbani Tanga watu watadhani umenunua nyumba. Halafu kila barua inaishia palepale: "Dada, nimeomba nyumba za bahati nasibu mpaka nimechoka. Sina bahati." Hapo ndipo tutakapogombana kidogo.

Bahati ina nafasi yake, sikatai. Mji una mfumo wake mtandaoni wa kuomba nyumba hizo, Housing Connect, ulioanza mwaka 2013 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2020. Jengo likitangazwa, dirisha la maombi hukaa wazi kwa wiki kadhaa. Likishafungwa, kompyuta inayachanganya maombi yote na kumpa kila mwombaji namba, na kuita huanzia namba ndogo. Aliyejaza siku ya kwanza alfajiri na aliyejaza siku ya mwisho jioni wana nafasi sawa. Sasa niambie, ile pupa ya kujaza fomu umesimama kwenye treni, mkono mmoja umeshika chuma, inatoka wapi? Muda unao. Ngoja Jumapili, watoto walale, ujaze umetulia. Maana wapo kati yenu ambao namba ilishatoka, wakaitwa, wakakwama kwenye karatasi, na mpaka leo wanailaumu bahati.

Tuanze na watu wa nyumbani, kwa sababu hapo sisi tuna mtihani wetu. Fomu inauliza nani ataishi na wewe. Kwa Mmarekani huenda ni swali la dakika moja. Kwako wewe kuna mpwa anayelala sebuleni tangu Machi, kuna mama anayekuja kiangazi na kurudi, kuna mume aliyebaki Nairobi anasubiri viza. Unaona aibu kumwacha mama nje ya fomu, kama vile unamfukuza, kwa hiyo unamwandika. Wiki inayofuata, jengo jingine, unamtoa. Ninakuelewa kabisa, ila fomu haikuulizi unampenda nani. Idadi ya watu ndiyo inayoamua ukubwa wa nyumba utakayopewa na kiwango cha mapato utakachopimwa nacho, na siku ya ukaguzi kila aliyeandikwa anatakiwa awe na vyeti vyake. Waandike watakaohamia kweli. Na huyo mpwa asionekane kwenye fomu yako na kwenye fomu ya dada yake kwa jengo hilohilo. Kaya moja ina ombi moja kwa jengo moja. Mkijirudia mnaweza kuenguliwa nyote, halafu muanze kununiana kwenye sherehe za watu.

Na majina yetu, jamani! Pasipoti inasema Mwanaidi Salim Juma, kazini unaitwa Mwana Juma, benki wamegeuza Salim kuwa jina la ukoo. Wewe unajijua ni mtu mmoja. Mkaguzi anaona watu watatu. Rekebisha mapema, au uwe na karatasi inayoonyesha kwamba wote hao ni wewe.

Sasa hela. Wengi mnaandika kile kinachoingia benki Ijumaa, na hapo ndipo mnapojiponza. Kwa aliyeajiriwa wanataka mapato kabla ya makato, pamoja na saa za ziada na ile kazi ya pili ya kulea wazee wikiendi. Kwa anayejiajiri, awe dereva au msusi, wanaangalia kinachobaki baada ya gharama za kazi, na ushahidi wake ni fomu za kodi za miaka iliyopita. Kama miaka yote hiyo uliiambia serikali kwamba hupati kitu, usitegemee leo uwaambie wenye jengo kwamba unapata. Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu.

Kila nyumba ina kiwango cha chini na cha juu cha mapato. Ukipungua unakataliwa, ukizidi unakataliwa. Viwango hivyo hupimwa kwa kipato cha kati cha eneo la New York, ambacho mwaka 2024 kwa familia ya watu watatu kilikuwa dola 139,800. Ndiyo maana unaweza kukuta nyumba imeitwa nafuu na kodi yake inapita dola 3,000. Hiyo imewekewa wanaopata asilimia 130 ya kiwango hicho. Usitukane simu. Nyingine zimewekewa wenye kipato kidogo kabisa. Soma jedwali la jengo, tafuta mstari wako, kama haupo nenda jengo jingine. Kuomba kila kitu kinachotangazwa kunakupa uchovu tu, kisha siku unayoitwa kweli umeshakata tamaa na hata barua pepe hufungui.

Kuna jambo ambalo hakuna mwongozo wa Kiingereza utakaokwambia, kwa hiyo nitakwambia mimi. Upatu. Mkaguzi anaomba taarifa zako za benki, na mara nyingi za Cash App na nyinginezo, kisha anazisoma mstari kwa mstari. Anafika mwezi wa nne anakuta dola 500 zimeingia kwa Zelle mara tisa, majina tisa tofauti, ndani ya siku mbili. Wewe unakumbuka furaha ya zamu yako kufika. Yeye anaona dola 4,500 ambazo hukuzitaja popote, na ana haki ya kuuliza. Ukianza kubabaika, "hizo ni za shangazi, hapana, ni mkopo", umejichongea mwenyewe. Kaa na mweka hazina wenu sasa hivi, kabla hujaitwa, mwandike karatasi moja yenye orodha ya wanachama, kiasi na zamu, atie sahihi. Na wewe ambaye kila msiba ukitokea michango inapitia kwako kwa sababu unaaminika, hongera kwa moyo huo, lakini kiambie chama kifungue akaunti yake. Utamweleza nani kwamba dola elfu nane zilizoingia na kutoka zilisafirisha maiti kwenda Mwanza? Utaeleza, ndiyo, lakini kwa risiti.

Kiwanja cha Kitengela au Kigamboni, ukiulizwa mali, nacho ni mali. Kitaje.

Mnaoogopa kuomba kwa sababu ya mambo ya uhamiaji, tulieni. Kukosa namba ya Social Security hakukuzuii kujaza ombi. Majengo machache yenye ruzuku ya serikali kuu yana masharti yake, kwa hiyo uliza kwanza. Na kama historia yako ya mikopo ni changa au imechafuka, ushahidi kwamba umelipa kodi ya nyumba yote kwa wakati miezi 12 mfululizo unaweza kuchukua nafasi ya ukaguzi wa mikopo. Sasa wewe unayempa mwenye nyumba pesa taslimu mlangoni bila hata kikaratasi, unaona unavyojinyima? Dai risiti.

Suala la anwani nalo nimelisikia. Wakazi wa mtaa jengo linapojengwa wana fungu lao. Zamani lilikuwa nusu ya nyumba zote; baada ya kesi iliyoisha kwa maridhiano mwaka 2024, likashushwa hadi asilimia 20. Kuazima anwani ya rafiki aliyeko Harlem ili uingie kwenye fungu hilo ni kujitafutia balaa, maana watataka mkataba wa nyumba na bili zenye jina lako.

Kuomba ni bure. Hakuna anayeuza namba ndogo, awe anatoka kanisani kwenu au msikitini kwetu. Ukitaka msaada wa kujaza, mji una mashirika ya mitaani yanayoitwa Housing Ambassadors, nayo hayachukui senti. Piga 311, omba mkalimani, waulize lililo karibu nawe.

Kisha utangoja. Miezi, pengine zaidi ya mwaka, na huko kungoja ndiko kunakowatoa watu akilini. Mmoja ananiambia amepata namba nzuri, ameshamwarifu mwenye nyumba kwamba anahama. Anahama kwenda wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao. Mpaka umetia sahihi mkataba na ufunguo uko mkononi, wewe ni mpangaji wa pale ulipo. Lipa kodi yako, ishi vizuri na majirani. Wala usikimbilie kuacha kazi ya pili ili mapato yako yalingane na jengo moja. Ukilikosa jengo, kazi nayo imekwenda.

Ukikataliwa, lia siku hiyo, ni haki yako. Kesho yake soma barua, kwa sababu inataja sababu, na una siku kumi za kazi kukata rufaa. Wakikosea hesabu, na hukosea, peleka hati za mshahara uwaonyeshe. Siku hizo kumi hazikusubiri umalize kununa. Ninawajua nyie, mtaiweka barua juu ya friji mpaka wageni waione.

Na barua yenyewe siku hizi huja kwa barua pepe, tena hujificha kwenye folda ya takataka pamoja na matangazo ya viatu. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, ingia kwenye akaunti yako uangalie kama ile namba ya simu uliyoiandika mle bado ni yako, na kama nywila ya barua pepe unaikumbuka wewe au anaikumbuka yule shemeji aliyekufungulia.