Aiskrimu ya Mpemba darasani

SWALI: Nafundisha darasa la sita, karibu masomo yote. Nataka mada moja ya kuyaunganisha, na wanafunzi wangu hawana wanachopenda kama aiskrimu. Nianzie wapi, na shule haina friji?

JIBU: Anza na Erasto Mpemba, mwalimu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliweka kwenye friji mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu hakuaminiwa. Hakunyamaza, baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli, na hapo ndipo utamu wa somo: waache watoto wabishane, kisha waandike insha.

Friji isikusumbue. Tia maziwa yenye sukari kwenye kopo la bati lenye mfuniko, lizungushe ndani ya ndoo ya barafu iliyopondwa na chumvi nyingi. Chumvi huishusha barafu chini ya nyuzi 0, maziwa yakaganda. Wapime jotoridi na kuchora grafu.

Kwa historia na hesabu, Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka barafu Calcutta mwaka 1833: zilipakiwa tani 180 hivi, zikafika kama 100. Asilimia ngapi iliyeyuka?

Masomo mengine usiyalazimishe. Na chumvi isiingie koponi.