Tambi za Kiitaliano Nyanda za Juu

Swali: Tunatoka Dar kwenda likizo Iringa na Mbeya. Mwaka jana tambi zilichelewa mno hotelini, watoto wakasinzia mezani. Wapishi ni wazembe?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Miji hiyo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Tambi kavu hudai dakika kadhaa za ziada, na kuongeza moto hakusaidii kitu. Mkimharakisha mpishi, atawaletea tambi zenye kiini kigumu. Basi agizeni mapema, au wapeni watoto piza, ambayo huiva kwa joto kavu la tanuri. Na kwa kuwa mnapenda vya Kiitaliano, mchana fikeni Tosamaganga, karibu na Iringa, walikohudumu wamisionari wa Consolata kutoka Italia.