Jaribu Kabla ya Kuchagua Kozi

Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri za fizikia na bado asijue kama uhandisi unamfaa. Kwa vijana kama hao, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, kilianzisha mpango wa MINTgrün mwaka wa 2012. Kwa mihula miwili wanajaribu masomo ya hisabati, kompyuta, sayansi na teknolojia, wanafanya miradi ya maabara, kisha wanaamua. Masomo waliyofaulu yanaweza kuhesabiwa kwenye digrii baadaye.

Wewe uliyemaliza KCSE, kabla ya kujaza chaguo zako za KUCCPS: soma orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, tembelea karakana ya chuo cha ufundi kilicho karibu, na umuulize mhandisi kazi yake ya kila siku. Karo ya kozi isiyokufaa hairudi, wala mwaka uliopotea.