Kulijua Jiwe kwa Nuru Yake

Katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza, kuna mawe mengi yaliyotokeza juu ya maji. Giza lianzapo kuingia, jiwe dogo lililofanywa jeupe na mavi ya minandi huonekana vema kuliko jiwe kubwa jeusi. Basi mng'ao peke yake hautuambii ukubwa wa kitu.

Mbinguni nako ni vivyo hivyo. Baina ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno yazungukayo jua, nayo huitwa asteroidi. Hayana nuru yao wenyewe. Hurudisha nuru ya jua tu. Ceres, iliyo kubwa kupita zote, ina upana wa kilometa 940 hivi. Vesta ina kilometa 525 hivi, lakini hung'aa kuliko Ceres. Kwa nini? Katika kila sehemu 100 za nuru, Ceres hurudisha 9 hivi, na Vesta 40 hivi.

Wataalamu wa nyota hupambanuaje jiwe kubwa jeusi na jiwe dogo jeupe, ikiwa yote mawili yang'aa sawasawa? Wewe upitaye pekupeku juu ya mawe wakati wa adhuhuri wajua: jiwe jeusi huunguza zaidi, maana hunywa nuru nyingi. Kwa hiyo wataalamu hupima nuru na joto pamoja. Jiwe kubwa jeusi hutoa joto jingi, na dogo jeupe hutoa kidogo. Tena huitenga nuru katika rangi zake, kwa kuwa madini mengine hupunguza rangi fulani. Asteroidi nyeusi sana mara nyingi zina kaboni, kama ile iliyomo katika makaa.

Je, hesabu hii ni ya kweli? Ilijaribiwa. Asteroidi iitwayo Ryugu hurudisha chini ya sehemu 5 katika 100, na wataalamu walisema kwamba ina kaboni. Mwaka 2018 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kiliifikia, na mwaka 2020 kikaleta duniani gramu 5 hivi za vipande vyake. Kaboni ilikuwamo! Tena vilifanana sana na jiwe jeusi lililoanguka kutoka mbinguni tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania.

Maswali
1. Kwa nini Vesta hung'aa kuliko Ceres?
2. Kupima joto kwatusaidia nini?
3. Weka jiwe jeusi na jiwe jeupe juani, kisha uyaguse. Eleza uliyoyaona.